Kuasili mtoto katika familia ya Kikristo nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia baada ya ibada, kwenye simu usiku, na mara nyingi kwa sauti ya chini, kana kwamba kuasili ni jambo la kuonea haya. Tumeyajibu kwa kufuata Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, na kwa yale tuliyoyaona katika familia zilizotangulia. Kwa yanayohusu hali yenu hasa, muulizeni wakili na shirika litakaloshughulikia ombi lenu.

Biblia inasema nini kuhusu kuasili?

Inasema mengi kuliko tunavyohubiri. Musa aliwekwa ndani ya kisafina mtoni, akawa mwana wa binti Farao, na mama aliyemzaa ndiye aliyemnyonyesha (Kutoka 2). Esta hakuwa na baba wala mama. Mordekai, jamaa yake, alimtwaa kuwa binti yake (Esta 2:7). Mathayo anapotaja ukoo wa Yesu mpaka kwa Daudi anapitia kwa Yusufu, mtu ambaye hakumzaa. Yusufu ndiye aliyempa jina. Kumbukeni hilo, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwa wazee wa ukoo.

Naye Paulo, anapowaambia Warumi kwamba wamepokea roho ya kufanywa wana (Warumi 8:15), haishii hapo. Mistari miwili mbele anasema: na kama tu watoto, basi, tu warithi. Mwana wa kuasiliwa asiye na sehemu katika urithi hayupo katika Maandiko.

Yakobo 1:27 husomwa sana kwenye jambo hili, na ni sawa. Lakini isomeni yote: inataja yatima na wajane pamoja. Watoto wengi walio kwenye makao ya watoto wana mzazi au jamaa aliye hai. Kuna mtoto anayehitaji wazazi wapya, na kuna mtoto ambaye mama yake anahitaji kodi ya nyumba na unga tu ili amlee mwenyewe. Familia inayojiandaa kuasili inapaswa kuombea yote mawili, na isimwonee wivu mama akimrudia mwanawe.

Tumekaa miaka mingi bila mtoto. Je, kuasili si dalili kwamba tumekata tamaa na Mungu?

Hapana. Mnaweza kuendelea kuomba na bado mkafungua mlango kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Tunachowasihi ni kwamba mpate nafasi ya kuomboleza kwanza. Mimba zilizoharibika, matibabu yaliyomaliza akiba, maneno ya wakwe: hayo yote yanahitaji kusemwa mbele ya mchungaji au mshauri kabla ya mtoto kuingia nyumbani. Mtoto hawezi kubebeshwa huzuni iliyomtangulia.

Kuna imani iliyoenea kwamba ukichukua mtoto, tumbo linafunguka. Tafadhali msiasili kwa sababu hiyo. Tumeona mtoto akipokelewa kwa nderemo, na mimba ilipopatikana akageuka mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mungu akiwapa mtoto wa tumboni baadaye, yule wa kwanza anabaki kuwa kifungua mimba wenu, mwenye nafasi na heshima ya mkubwa.

Mmoja wetu yuko tayari, mwenzake bado. Tuanze tu makaratasi?

Msianze. Anayesitasita asisukumwe kwa mistari ya Biblia. Mara nyingi ana swali moja ambalo hajapata ujasiri wa kulitamka, na likijibiwa anakuwa imara kuliko aliyeanza.

Sheria inamruhusu nani kuasili?

Mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi, asizidi 65, na awe amempita mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mume na mke huomba pamoja. Mtachunguzwa afya, mapato na makazi, na mtahitaji cheti cha tabia njema cha polisi. Mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa makosa dhidi ya watoto asijisumbue.

Si lazima muwe matajiri wala muwe na nyumba ya kwenu. Kinachotazamwa ni kama mapato yenu ni ya kuaminika na kama mtoto atakuwa salama.

Sijaolewa. Naweza kuasili?

Ndiyo, sheria inamkubali mwombaji mmoja. Kwa kawaida mwanamke aliye peke yake hapewi mtoto wa kiume, wala mwanamume aliye peke yake mtoto wa kike, isipokuwa mahakama ione sababu maalumu. Kanisani utasikia mengine. Wapo watakaosema unajifungia mlango wa ndoa, na wapo watakaosema mtoto anahitaji baba. Wa pili wana hoja, na jibu lake ni kuwaandaa kaka zako, wajomba na wazee wa kanisa wawe karibu na mtoto huyo kwa miaka, tena kwa majina yao, wala si kwa ahadi ya jumla.

Hatua zenyewe ni zipi?

Mnaanzia kwenye shirika la kuasili lililosajiliwa na linalotambuliwa na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Shirika litawahoji, litakusanya vyeti, na ofisa wa ustawi atakuja nyumbani. Atafungua maswali ambayo hakuna mtu amewahi kuwauliza: mligombana lini mara ya mwisho, mlilelewaje, mtamwadhibu mtoto vipi. Jibuni kweli. Hatafuti familia isiyo na kasoro, na kauli za kuigiza anazijua.

Upande wa mtoto nao una kazi yake. Kama alitelekezwa, tukio liwe limeandikwa kwenye kitabu cha polisi, jamaa wawe wametafutwa, na polisi wawe wametoa barua kwamba hakuna aliyejitokeza. Kama mama yupo na ameamua kumtoa, ridhaa yake lazima iwe ya hiari. Mtoto awe ametimiza wiki 6, na awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa. Bila hati hiyo kesi haina miguu.

Kamati ya shirika ikiwaoanisha na mtoto, mtakutana naye, kisha atawekwa kwenu. Lazima akae chini ya uangalizi wenu miezi 3 mfululizo kabla ombi halijapelekwa Mahakama Kuu. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, ambaye hufanya uchunguzi wake na kuandika ripoti. Idara ya serikali ya huduma za watoto nayo huleta yake. Mtatakiwa pia kumtaja mlezi atakayemchukua mtoto mkifariki. Msijaze tu jina la dada wa karibu. Kaeni naye chini, mwelezeni, aseme mwenyewe kwamba amekubali.

Jaji akitoa amri, Msajili Mkuu anaandika jina la mtoto kwenye rejista ya watoto walioasiliwa, nanyi mnapata cheti. Tangu hapo kisheria ni mtoto wenu kana kwamba mmemzaa katika ndoa yenu.

Wengi hupita mwaka mzima kabla ya kufika mwisho. Kesi huahirishwa, faili huchelewa. Kipindi hicho kinachosha kuliko kingine chochote, na ndipo kikundi chenu cha maombi kinapohitajika.

Kuna msichana kanisani ana mimba na anataka kutupa mtoto akijifungua. Kwa nini tupite njia ndefu?

Kwa sababu njia fupi hiyo ni kosa la jinai, hata kama kila mtu anafanya kwa upendo. Kumwandikisha mtoto hospitalini kwa jina la mama asiyemzaa ni kughushi. Kutoa pesa ili upewe mtoto ni biashara ya binadamu, hata ukiiita shukrani au nauli. Wakristo wa Kenya hatujasahau kashfa ya watoto waliodaiwa kuwa wa miujiza, yaani kuzaliwa kwa nguvu ya maombi, iliyozuka mwaka 2004, na mwaka 2020 uchunguzi wa BBC ulionyesha watoto wakiibwa na kuuzwa jijini Nairobi. Kila mtoto wa namna hiyo alikuwa na mama aliyelia mahali fulani.

Kuna hatari nyingine. Mtoto asiye na amri ya mahakama anaweza kuchukuliwa siku yoyote: mama akibadili mawazo, baba akijitokeza, jirani akipiga simu polisi. Atakuwa amewajua ninyi tu kama wazazi, na mtakuwa hamna karatasi ya kumtetea.

Kwa msichana huyo, fanyeni hivi. Mpelekeni kliniki. Mtafutieni mshauri asiye na haja ya kuasili. Mwambieni wazi kwamba msaada wenu hautegemei uamuzi wake. Baada ya kujifungua anaweza kutamani kumlea mwanawe, na hiyo ni haki yake. Akibaki na nia ya kumtoa, azungumze na afisa wa watoto au shirika mwenyewe.

Gharama ni kiasi gani?

Kuna ada za shirika, za wakili na za mahakama, nazo hutofautiana. Ombeni mchanganuo wa maandishi mwanzoni na risiti kila mnapolipa. Mkidaiwa pesa ya "kuharakisha", ondokeni.

Tunaweza kuchagua mtoto?

Mnaweza kutaja umri na jinsia mnayoweza kuilea, na afya mnayoweza kuikabili. Semeni ukweli hapo. Familia inayokubali mtoto mwenye ulemavu kwa aibu ya kukataa inamuumiza. Lakini nawasihi mfikirie upya mambo mawili.

La kwanza ni umri. Karibu kila familia huomba mtoto mchanga, na kwa hiyo mtoto wa miaka 5 au 6 anaendelea kuwaona wenzake wakiondoka. Mtoto mkubwa ana kumbukumbu na ana machungu, na kumlea kunahitaji uvumilivu zaidi, lakini anaweza pia kuwaambia kwa mdomo wake kwamba amewachagua.

La pili ni kabila. Wapo wanaotaka mtoto "anayefanana na sisi" ili watu wasijue. Mtoto aliyeokotwa mara nyingi kabila lake halijulikani kabisa. Katiba haihangaiki na hilo: kifungu cha 14 kinamhesabu mtoto aliyepatikana Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 na ambaye uraia na wazazi wake havijulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Sisi nasi tusihangaike.

Kuhusu virusi vya ukimwi, ulizeni kipimo kilichotumika. Kipimo cha kawaida cha kingamwili kwa mtoto mchanga kinaweza kuonyesha kingamwili za mama, ambazo hubaki mwilini mwake hata kufikia miezi 18. Kipimo cha PCR, kinachofanywa kuanzia wiki 6, ndicho kinachotafuta virusi vyenyewe. Tunajua watoto waliokataliwa kwa sababu mtu alisoma karatasi vibaya. Na mtoto aliye na virusi kweli, akitumia dawa vizuri, anakua, anasoma na anazeeka.

Wazee wa ukoo wanasema damu ngeni haiwezi kupewa jina la babu wala ardhi. Tufanye nini?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kuliko mahakamani.

Kwa jamii zinazowapa watoto majina ya babu na nyanya, kama Wakikuyu, jina ni kumrudisha mzee duniani. Mzawa wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na mzee anayetazama mtoto akiitwa kwa jina lake anaona uzao wake unaendelea. Kwa hiyo mzee anayesita hasemi upuuzi, anahofia kupotea. Msimjibu kwa sheria kwanza. Nendeni kwake kabla mtoto hajafika, na mnyamaze asikike mpaka mwisho. Kisha someni naye ule ukoo wa Mathayo. Kama Yesu alihesabiwa mwana wa Daudi kupitia kwa Yusufu, mjukuu huyu naye anaweza kuhesabiwa kupitia kwenu. Tumeshuhudia babu aliyekataa katakata, na ambaye leo anamtembeza mjukuu huyo sokoni akimtambulisha kwa jina lake mwenyewe. Wapo pia waliokataa hadi kaburini, na wazazi wakampa mtoto jina jingine zuri wakaendelea na maisha. Jina la babu lisipatikane kwa kumsihi mtu mpaka mtoto aaibishwe.

Ardhi ni tofauti. Hapo msibembeleze. Mtoto aliyeasiliwa ana haki katika mali yenu sawa na yule mliyemzaa, na anayempinga anapinga amri ya mahakama. Lakini haki isiyoandikwa huletea yatima kesi. Andikeni wosia mapema, mmtaje kwa jina. Shamba ambalo bado liko kwa jina la babu halijawa lenu, basi shughulikieni hatimiliki mkiwa hai. Hifadhini nakala ya amri ya mahakama mahali pawili, na mmoja wa mashahidi wa wosia awe mtu wa nje ya ukoo.

Maneno kama "yule wa kuokotwa" yakatazwe nyumbani mwenu siku ya kwanza yanaposikika, hata msemaji akiwa shangazi mpendwa. Mume aseme na ndugu zake, mke na wa kwake.

Tuna watoto tayari. Tuwaandaeje?

Waambieni mapema, kabla hamjawaambia wa nje. Waulizeni wanaogopa nini. Mara nyingi ni kitanda, karo, na nafasi ya kuwa kitinda mimba. Msiwaahidi rafiki wa kucheza naye, kwa maana anayekuja anaweza kuwa analia usiku na kuvunja vitu vyao. Msimlete mtoto aliyempita umri mkubwa wenu bila kufikiri sana. Mpangilio wa kuzaliwa una uzito katika nyumba zetu.

Kazini tunapata likizo?

Ndiyo. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2021 yanampa mfanyakazi anayeasili likizo ya mwezi 1 yenye mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapowekwa kwake. Mjulishe mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla, pamoja na hati za shirika. Sheria inasema mfanyakazi, kwa hiyo baba naye aombe.

Mtoto akifika nyumbani tutarajie nini?

Tarajieni mambo yatakayowashangaza. Mtoto aliyetoka kwenye makao anaweza kumkimbilia kila mgeni na kumwita mama. Watu watasema ana upendo. Ukweli ni kwamba hajajifunza kwamba mtu mmoja anaweza kubaki. Mwingine halii kabisa, kwa kuwa alijua kilio hakileti mtu. Siku atakapoanza kulia akiwatafuta, mshukuruni Mungu. Mwingine anakula haraka na kuficha chapati chini ya mto. Msimchape wala kumcheka. Mwekeeni ndizi mahali anapofikia, aone kesho ipo tena, na baada ya muda ataacha.

Wiki za kwanza, wapunguzeni wageni. Najua ni vigumu. Sisi ni watu wa kuja na kiondo na nyimbo. Waombeni kina mama walete chakula mlangoni, wasimbebe mtoto kwa zamu. Kumlisha, kumwogesha na kumlaza kufanywe na baba na mama tu, mpaka ajue walio wake.

Na mama akijikuta haoni upendo anaoutarajia, asijihukumu. Upendo kwa mtoto wa miaka 4 ambaye jana hukumjua hukua kwa kumfulia, kumpikia na kukesha naye akiwa na homa. Uchovu ukigeuka kilio cha kila siku, mwoneni daktari pamoja na mchungaji.

Tumbatize au tumweke wakfu lini?

Fuateni desturi ya kanisa lenu. Ushauri wetu ni kusubiri amri ya mahakama ili jina kwenye cheti cha kanisa lilingane na lile la serikali. Mkitaka, shukuruni kwa sala nyumbani mapema. Ibadani mchungaji asisimulie alikopatikana mtoto. Habari hiyo ni mali ya mtoto, na waumini 300 hawana haja nayo.

Tumwambie lini kwamba tumemwasili?

Tangu siku ya kwanza, hata kabla hajaelewa. Mwambieni mkimvalisha, mkimsimulia habari za Musa na Esta, mkitazama picha ya siku mliyompokea. Akiwa na miaka 3 atajua kwamba alikua katika tumbo la mama mwingine. Akifika 7 atauliza kwa nini yule mama hakubaki naye, na jibu liwe la kweli na la umri wake: hatujui yote, tunajua alikuweka mahali ambapo ungeonekana. Kama hilo ndilo lililotokea, semeni. Kama silo, msilitunge.

Wanaonuia kungoja mpaka amalize sekondari hutuambia wanamlinda. Lakini kijiji kinajua. Dereva wa bodaboda anajua. Ataambiwa shuleni siku ya ugomvi, na kitakachomvunja si habari yenyewe bali kujua kwamba wote walijua isipokuwa yeye. Hili ndilo jambo tunalolisisitiza kuliko yote katika ukurasa huu: tafadhali, asilisikie kwa mtu mwingine.

Hatuwezi kuasili kwa sasa. Kanisa linaweza kufanya nini?

Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwaondoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Makanisa mengi yamejenga makao kwa nia njema, na wengine tumechanga matofali. Sasa pesa hizo zifuate mtoto: karo ya watoto wanaolelewa na nyanya, mtaji mdogo kwa mjane, ada ya wakili kwa familia inayoasili. Vilevile wapo watoto wanaohitaji familia ya kuwatunza kwa muda tu, mpaka jamaa zao wapatikane. Kazi hiyo ni ngumu kwa kuwa unampenda na kumwachilia, na tunahitaji familia zaidi zenye moyo huo. Muulizeni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu.

Akikua akataka kumtafuta aliyemzaa?

Msaidieni. Anza leo kwa kutunza jalada lake: nakala ya barua ya polisi, jina la kituo na la hospitali, tarehe, picha za makao alikolelewa, jina la mlezi aliyempa uji, na nguo aliyokuwa nayo kama ilihifadhiwa. Makao hufungwa, wafanyakazi huhama, kwa hiyo ombeni habari hizo siku mnayomchukua, mziandike kabla hamjazisahau. Akitimiza miaka 18 mpeni jalada lote, na akitaka kwenda, mmoja wenu afuatane naye.